Nimekuwa dada wa kazi miaka mitatu. Niandike hivyo kwenye barua ya kuomba kazi chekechea?

Binti_Charambe (Jumanne, saa 3 usiku)

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo. Naombeni mawazo yenu, na msinicheke maana nina siku tatu tu.

Jana nimeenda steshenari kutoa kopi ya kitambulisho cha shangazi, nikakuta tangazo limebandikwa mlangoni. Kuna kituo cha kulea watoto kule Kurasini kinatafuta "msaidizi wa mwalimu, chekechea, wa kike, miaka 20 hadi 35, awe anapenda watoto". Wanataka barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono, CV, nakala za vyeti, namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Mwisho Ijumaa saa 10 jioni.

Nina miaka 24. Kidato cha nne nimemaliza Lindi, nikapata four ya pointi 29. Cheti cha ualimu sina. Nilichonacho ni kwamba nimekaa kwa watu Mikocheni miaka mitatu na miezi minne, dada wa kazi. Nilipofika mapacha walikuwa na miezi miwili, wanalala kutwa. Nilipoondoka walikuwa wanavaa viatu wenyewe, ingawa cha kulia kinaingia kushoto na wanakataa kurekebishwa. Familia ilihamia Dodoma, mimi sikuchukuliwa. Tangu hapo nauza barafu na maandazi na shangazi.

Sasa kuna rafiki yangu jirani, yeye kasoma. Ameniambia nisithubutu kuandika "dada wa kazi", eti siku ya kwanza watanikabidhi ufagio. Anasema niandike nilikuwa mwalimu wa kujitolea kwenye shule fulani, mtu wa kunigongea mhuri anaye. Shangazi kasikia, kasema njia ya mwongo fupi, akaendelea kukanda unga.

Niandike ukweli au nichukue mhuri? Na barua ya mkono yenyewe inaanzaje? Ya mwisho niliandika darasani.

Mzee_wa_Kijiwe

Chukua mhuri mdogo wangu. Mjini hapa kila mtu ana mhuri wake. Ukishaingia ndani ukachapa kazi nani atauliza?

Mama_Uji

Mzee wa Kijiwe, atakayeuliza ni mimi. Niache niseme, maana barua hizo huwa zinaishia mezani kwangu.

Nina kituo Nyakato, Mwanza, huu ni mwaka wa 11. Watoto 46, wafanyakazi sita pamoja na mpishi. Mwaka jana nilitangaza nafasi moja nikapata barua 63. Nyingi zilianza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", zikafuata "mimi ni binti mchapakazi, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu". Wanangu hawa wa miaka mitatu ndio mazingira magumu? (Baadhi ya siku, ndiyo.) Lakini unaona shida yangu: nimesoma barua 63 na sijakutana na mtu hata mmoja. Wote ni wachapakazi, wote wanajituma.

Kuhusu mhuri. Mimi napiga simu. Si namba iliyo kwenye barua, natafuta ya shule yenyewe. Mara mbili nimeambiwa "huyo hatumjui". Wala sikukasirika sana, ila barua niliiweka pembeni. Binti, fikiria kazi unayoiomba. Nitakuachia chumba chenye watoto wa miezi ishirini. Akianguka, akifinywa, akinyimwa uji, hawezi kunieleza. Mtu pekee wa kunieleza ni wewe. Kama umenidanganya kuhusu ulikokuwa mwaka juzi, jioni ukiniambia "hili nundu limetokana na bembea" nitakuaminije?

Sasa kuhusu dada wa kazi. Rafiki yako ana haki ya kuogopa, kuna watu wakisikia neno hilo wanaona ndoo na dekio. Basi usianze na jina, anza na kazi. Andika "nililea watoto mapacha kuanzia wakiwa na miezi miwili", kisha sema wapi na kwa muda gani. Jina la cheo likija baadaye litakuwa limeshabebwa. Lakini usilifiche. Nikikuuliza kwenye usaili "ulikuwa mfanyakazi wa nyumbani?" nataka usikie swali la kawaida, ujibu kawaida.

Naomba unijibu haya hapa hapa, usifikirie sana: nani alikuwa anawapeleka kliniki? Pampasi waliacha na umri gani, na uliwaachishaje? Walishaugua usiku wazazi hawapo? Mmoja akimng'ata mwenzake ulikuwa unafanya nini?

Binti_Charambe

Mama shikamoo, asante sana. Najibu kama ulivyosema.

Kliniki nilikuwa nawapeleka mimi. Kadi zao nilikuwa natunza kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Chanjo ya surua ya miezi tisa nilienda nao peke yangu kwenye bajaji, mmoja mgongoni mmoja mapajani, na ile ya mwaka mmoja na nusu vilevile.

Pampasi waliacha wakiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Wa kike alianza, niliweka poti barazani, akikaa na mimi nakaa kwenye kigoda tunapiga hadithi. Wa kiume alikuwa anakaa dakika tano hatoi kitu, akiinuka anajisaidia kwenye zulia. Nilimwacha wiki mbili bila kumsumbua. Siku moja akajipeleka mwenyewe kwa wivu wa dada yake.

Kuugua, ndiyo. Wa kiume alipata degedege akiwa na mwaka mmoja na miezi kama minne, wazazi wako harusini. Nilimlaza ubavu, nikamvua nguo nzito, sikumtia kitu mdomoni ingawa mlinzi alikuwa ananiletea kijiko anapiga kelele. Nikaangalia saa ya ukutani. Ilipokatika nikamwacha wa kike na mlinzi na jirani, nikachukua bodaboda hadi hospitali. Waliniuliza imechukua muda gani, nikasema dakika tatu, daktari akasema umefanya vizuri kuangalia saa.

Kung'ata: nilikuwa namshughulikia kwanza aliyeng'atwa. Aliyeng'ata akiona hatazamwi anakuja mwenyewe.

Hayo yote ni ya kuandika kweli? Mimi nilidhani wanataka vyeti.

Mama_Uji

Nimesoma huku nimesimama. Hiyo ya saa ya ukutani mwanangu, wenye cheti ninao hapa wawili wasingeikumbuka.

Andika. Si yote, barua ni ukurasa mmoja. Kliniki, poti, na sentensi mbili za degedege. Ya kung'ata iweke akiba, utaulizwa kwenye usaili.

Mwalimu_wa_Ngambo

Mimi niko Unguja, huku kwetu chekechea tunaita skuli ya maandalizi. Nataka kumtia moyo mdogo wangu kwenye suala la cheti.

Huku ule mpango wa malezi ya awali wa madrasa uliotokea Mombasa miaka ya 1980 ukafika Zanzibar 1990 ulichukua wanawake wa mtaani hasa. Wengi hawakuwa na chochote zaidi ya kidato cha nne, wengine hata hicho walikuwa hawana. Wakafundishwa huku wanafanya kazi: kutengeneza vifaa kwa vifuu, makuti na vizibo, kupanga chumba kiwe na kona, kumwacha mtoto achague. Mwalimu aliyenifunza mimi alianzia hivyo. Nilianza kama msaidizi, nafua vitambaa na kukata karatasi, mwaka wa pili ndio nikakabidhiwa kona ya hadithi.

Kwa hiyo usijione umechelewa. Ila kwenye barua sema kwamba unataka kusoma zaidi, ukiwa unataka kweli. Kwa huko bara, chuo cha Kisangara kule Mwanga kimefundisha walezi wa vituo miaka mingi. Kuna na vyuo vya Montessori.

Fundi_Mikataba

Naongeza upande ambao watu huwa wanauruka kwa furaha ya kuitwa.

Kwanza angalia unaomba wapi. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye anayepita kukagua. Darasa la awali ndani ya shule liko upande wa elimu, na huko mwalimu wa darasa anatakiwa awe amesomea ualimu. Wewe unaomba usaidizi kwenye kituo, ni mlango tofauti. Ukifika tazama ukutani ofisini, cheti cha usajili huwa kinatundikwa. Kisipokuwepo, uliza kwa adabu. Kituo kisicho na usajili kikifungwa wiki ijayo, mshahara wako utamdai nani?

Pili, muda. Vituo vingi vya Dar vinafungua saa 12 na nusu asubuhi kwa sababu wazazi wanawahi foleni, vinafunga saa 11 jioni au zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na saa moja ya kupumzika. Piga hesabu: 12 na nusu hadi 11 ni saa kumi na nusu. Toa saa ya mapumziko, bado umezidi nusu saa kila siku. Ama mna zamu, ama nusu saa hiyo inalipwa mara moja na nusu. Na mapumziko ya kukaa na watoto waliolala si mapumziko, maana huwezi kutoka.

Tatu, mshahara. Kima cha chini cha sekta binafsi kimepandishwa kuanzia Januari 2026, kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Usiende kudai hiyo 358,322, huo ni wastani wa sekta zote. Amri ya mishahara ina jedwali, kila sekta na mstari wake. Tafuta wako kabla hujaenda, steshenari watakutolea. Omba masharti ya kazi kwa maandishi na uliza NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Na yeyote atakayekudai hela ya fomu au ya "kuhifadhi nafasi", geuza uondoke.

Mzee_wa_Kijiwe

Haya nimenyamaza. Ila wakikupa ufagio usije kulia hapa.

Kaka_wa_Darasa_la_Chini

Mzee, ufagio atapewa. Mimi ni mwanaume, nimekuwa msaidizi kwenye chekechea Arusha miaka miwili, na nimefagia, nimedeki, nimefuta makamasi hadi nikaota nayo. Mtoto mmoja akitapika chumba cha watoto 15, mwenye cheti na asiye na cheti wote mnakimbilia dekio. Tangazo halikusema kwa sababu hakuna tangazo linalosema.

Dada, jiandae na siku ya majaribio. Wengi hawaishii kukuhoji tu, wanakuweka chumbani saa mbili tatu wanakutazama kupitia dirisha. Mimi siku yangu niliingia nimesimama wima nikasema "Hamjambo watoto!" kwa sauti ya gwaride, wanne wakaanza kulia. Mama wa kituo akaniambia chuchumaa. Nilikaa chini asubuhi nzima, suruali niliyoiazima ikaisha magotini. Vaa sketi ndefu pana au suruali, viatu vya chini, kucha kata, hereni ndefu acha nyumbani maana zitavutwa.

Binti_Charambe (Jumatano, saa 5 usiku)

Nimeandika. Naiweka hapa kabla sijaihamishia kwenye karatasi safi, karatasi nzuri ninazo tatu tu.

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA MWALIMU. Naomba kazi mliyotangaza. Kwa miaka mitatu na miezi minne nililea watoto mapacha huko Mikocheni, kuanzia wakiwa na miezi miwili, nikiwa mfanyakazi wa nyumbani. Nilikuwa nao kuanzia saa 12 asubuhi hadi wazazi wao waliporudi jioni. Niliwalisha, niliwaogesha, niliwapeleka kliniki kupima uzito na kupata chanjo, na niliwazoesha poti hadi wakaacha pampasi. Mmoja wao alipopata degedege wazazi wakiwa hawapo, nilimlaza ubavu, nikahesabu muda na kumfikisha hospitali. Nimemaliza kidato cha nne mwaka 2019. Sina cheti cha malezi ila niko tayari kusoma nikiwa kazini. Nawapenda sana watoto na natumaini ombi langu litakubaliwa kwa kuwa nawapenda sana watoto. Wako mtiifu."

Kwa wadhamini, mwenyekiti wa mtaa amekubali. Wa pili ndio shida. Mama wa Mikocheni nimempigia mara nne hapokei. Hatukugombana, lakini siku ya kuondoka alinipa nauli akaingia ndani, hata watoto hawakutoka kuniaga.

Mama_Uji

Barua nzuri. "Nawapenda sana watoto" umeiandika mara mbili kwenye sentensi moja. Futa zote mbili. Mtu aliyebeba mapacha wawili kwenye bajaji kwenda kuchoma sindano hana haja ya kusema anapenda watoto. Weka badala yake siku unayoweza kuanza.

Na ongeza kwamba unaweza kufika saa 12 na nusu asubuhi kutoka Charambe, kama kweli unaweza. Mimi hiyo huwa naitafuta kwenye kila barua, maana atakayechelewa ataniachia wazazi getini na watoto mikononi.

Kuhusu yule mama, usimpigie tena. Mwandikie ujumbe mfupi, umwambie unaomba kazi ya kulea na unaomba tu akubali kupigiwa simu. Watu wengine hawapokei kwa aibu, si kwa ubaya. Akikaa kimya, mtafute bibi wa wale watoto au yule jirani wa usiku wa degedege. Aliona kwa macho yake.

Usaili sasa. Swali ambalo mimi siliachi: jioni kaja mwanaume, anasema ni baba mdogo wa mtoto, mtoto anamjua na anamkimbilia, lakini jina lake halimo kwenye daftari la wanaoruhusiwa kumchukua. Simu ya mama haipatikani. Utafanyaje? Usinijibu mimi, ijibu mwenyewe kichwani. Nakupa tu hiki: mtoto kumkimbilia mtu si ruhusa.

Na watakuuliza mtoto akipaliwa na kipande cha embe. Kama anakohoa kwa nguvu mwache akohoe, usimpige, usimtie kidole. Asipoweza kukohoa wala kulia, ndipo unamwinamisha na kumpiga kwa kiganja katikati ya mabega, mara tano, huku unaita msaada. Kuna na hatua ya kumkandamiza tumbo kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, hiyo nenda uoneshwe na muuguzi, haifundishiki kwa maandishi.

Binti_Charambe (Alhamisi wiki iliyofuata)

Nimerudi. Niliitwa Jumanne.

Bibi wa mapacha ndiye aliyekubali kuwa mdhamini wa pili. Nilimwandikia yule mama kama ulivyosema, hakujibu, ila jioni yake bibi akanipigia mwenyewe, akasema "namba yangu weka". Nadhani aliambiwa. Sikuuliza.

Kituo kina cheti ukutani, nimekiona, Fundi asante. Tulikuwa wanne. Wawili wana cheti cha ualimu, nikajisemea basi. Mkuu wa kituo akasoma barua yangu mbele yangu, akafika kwenye degedege akauliza "saa uliiangalia kwa nini?" Nikasema sijui, nilitaka nikiulizwa niwe na kitu cha kusema. Akaandika.

Kisha chumba cha miaka miwili. Nilichuchumaa mlangoni kabla sijaingia, Kaka nilikukumbuka. Kulikuwa na mmoja analia tangu aletwe, ameng'ang'ania mkoba wake hataki uguswe. Wenzangu walimwimbia. Mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake nikaanza kupanga vizibo vya soda, vyekundu huku vya kijani huku, bila kumwangalia. Nikaweka chekundu kwenye kijani makusudi. Akakaa. Baada ya muda akanyoosha mkono akakitoa, mkoba bado kwapani.

Swali la baba mdogo liliulizwa! Nikasema namkaribisha kiti, nampa maji, mtoto anabaki ndani kwangu, namwita mkuu, tunaendelea kupiga simu hata ikifika usiku. Akaniuliza "akikasirika je?" Nikasema akasirike.

Jana wamenipigia, nimepata. Miezi mitatu ya majaribio, zamu mbili, masharti wamenipa kwa maandishi na nimeyasoma yote mawili mara mbili, ukurasa wa mshahara na wa muda. Jedwali nililitafuta, wako sawa. Jumatatu naanza kwa kugawa uji, na ndiyo Mzee, zamu ya kwanza ya kufagia uwanja ni yangu.

Wanataka cheti cha afya kabla ya Jumatatu kwa kuwa nitagusa chakula. Wameandika nipimwe na choo. Hicho nakibeba kutoka nyumbani au?

Mama_Uji

Hongera mwanangu! Nenda maabara kwanza uchukue kikopo chao chenye kifuniko, ndipo urudi nacho asubuhi. Usibebe kwenye kopo la siagi. Nimeshaona.